Kichaka cha miiba kando ya ua, Njoro: ni rasiberi gani, na hupandwaje?

Ua_wa_Njoro: Habari wadau. Kwenye ua unaoelekea msitu wa Mau kuna kichaka chenye fimbo ndefu za mita mbili hadi tatu, miiba imepinda kama kucha za paka. Maua ni ya waridi, matunda huwa mekundu kisha meusi. Jirani mmoja anakiita momonik, mwingine ndare. Ni mmea mmoja? Nataka kupanda mstari wa mita 20. Vipande vya fimbo nilivyochomeka kwenye mifuko vimeoza vyote.

Jani_kwa_Jani: Momonik ni Kikalenjin, ndare ni Kikuyu, na kila jina linabeba spishi kadhaa za Rubus, yaani jamii ya rasiberi. Usitegemee jina, shika fimbo. Pitisha kidole gumba juu yake. Ikiwa kuna unga mweupe kama nta unaofutika na kuacha alama ya kijani au zambarau, na upande wa chini wa jani ni mweupe kama pamba, hiyo ni Rubus niveus, mgeni kutoka Asia. Tunda lake likivutwa hutoka na tundu katikati kama kofia, kiini cheupe kinabaki kwenye kikonyo.

Rubus pinnatus, ya kwetu, haina unga huo. Jani lina vijani 5 hadi 9, kijani juu na chini. Rubus steudneri huwa na vijani 3 vyenye manyoya mengi. Rubus apetalus utaijua kwa ua: petali hazipo kabisa au ni ndogo mno. Matunda ya zote huliwa. Ila usichanganye na lantana, ambayo nayo ina miiba na vitunda vyeusi: shina lake ni la pembe nne, majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na ukiyasugua yananuka vikali. Hiyo usile.

Mche_Mzima: Vipande vimeoza kwa sababu ya fimbo kuukuu na udongo uliolowa kupita kiasi. Rubus ina njia rahisi zaidi: fukia ncha ikiwa bado kwa mama yake. Subiri fimbo ya mwaka huu ianze kuinama, ncha iwe nyembamba kama mkia wa panya na vijani vyake viwe vidogo sana. Chimba kishimo cha sentimita 10, elekeza ncha chini, bana kwa kijiti chenye panda, rudishia udongo na ukanyage. Ncha ambayo haijafika hatua ya mkia wa panya hutoka tena juu na kuendelea kurefuka, bila mizizi ya maana. Baada ya wiki 6 hadi 10, kata fimbo sentimita 25 juu ya udongo, uchimbue mche pamoja na bonge lake. Usiung'oe kwa kuvuta, mizizi ile hukatika kama uzi.

Kupanda: mvua za Machi na Aprili zikishika. Shimo sentimita 45 kila upande, nusu debe ya samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi), mita 1.5 kati ya miche. Kwa mita 20 unahitaji miche 14. Weka nguzo na waya mbili, sentimita 90 na 150 kutoka ardhini. Fimbo iliyokwisha kuzaa ikate hadi chini, na kwa kila shina acha mpya 5 au 6 tu. Watu wengi huona uchungu kukata, na hapo ndipo shamba linapogeuka pori: hewa haipiti, ukungu wa kijivu unakula matunda wakati wa mvua.

Ziwani_Kisumu: Na huku kwetu Kisumu?

Mche_Mzima: Kisumu iko mita 1,130 hivi, joto ni jingi kwa spishi hizi za milimani. Nandi Hills au Molo utafaulu zaidi.

Tunda_Safi: Ongezeni na tatizo la nzi. Drosophila suzukii aligunduliwa Kenya mwaka 2019, na tofauti na nzi wengine wa matunda yaliyooza, jike lake lina msumeno wa kutoboa tunda zima linaloanza kuiva. Pima hivi: robo kikombe cha chumvi katika vikombe vinne vya maji, tumbukiza matunda, ngoja dakika 15. Funza weupe wakitokeza, chuma kila baada ya siku mbili bila kuacha tunda lililoiva juu. Mabovu yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uyaache juani. Ukiyatupa chini ya shina unawalea.

Ua_wa_Njoro: Nimepitisha kidole: unga mweupe umefutika, na chini ya jani ni pamba tupu.

Jani_kwa_Jani: Basi ni niveus. Tamu, inazaa sana, lakini ndege hubeba mbegu zake, na kule visiwa vya Galapagos imefunika misitu ya milimani. Kwako msitu uko hatua chache. Chuma ule, ila usiipande zaidi. Kwa mstari wako tafuta fimbo ya pinnatus kando ya njia au kijito, omba ruhusa ya mwenye shamba, ufukie ncha zake palepale.