Kofia ya mzizi iko chini

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Mwalimu ametutaka tueleze maana za neno "kofia" katika taaluma mbalimbali, nami nimekwama baada ya ile ya kichwani, ile ya mtu mwenye vyeo viwili ambaye husemwa kuwa amevaa kofia mbili, na kofia ya chupa.

Mjomba Idi: Marahaba, mwanangu. Ongeza ya michezo. Mwaka 1886 chama cha soka cha Uingereza kilikubali kuwapa wachezaji wa timu ya taifa kofia halisi ya kitambaa, na ndiyo sababu mpaka leo Waingereza humhesabia mchezaji aliyecheza mechi 100 za taifa kuwa ana kofia 100. Kwa ufupi, kofia ni heshima. Hata anayetenda jambo kubwa tunamvulia.

Shangazi Rehema: Marahaba, Zuhura. Shemeji, heshima ni upande mmoja tu, kwa maana katika biolojia kofia ina kazi. Ya uyoga ni ile sehemu iliyotanda kama mwavuli, na katika aina nyingi chini yake mna vipande vyembamba mfano wa kurasa, ambamo spora, yaani chembe za uzazi za uyoga, hutengenezwa. Ila inayonivutia zaidi ni kofia ya mzizi: huikinga ncha inayokua, seli zake za nje huchubuka kadiri mzizi unavyopenya udongoni, mpya huzaliwa nyuma yake, na ndani yake mna chembe nzito za wanga zinazotua upande wa chini na hivyo kuuwezesha mzizi kutambua uelekee wapi.

Zuhura: Kwa hiyo hiyo kofia iko chini, si juu?

Shangazi Rehema: Iko chini kabisa. Usithubutu kuandika kwamba kofia ni kitu kinachokaa juu. Andika kinachofunika ncha.

Kaka Salim: Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Ufafanuzi huo nao hautoshi, kwa sababu katika takwimu kofia haifuniki kitu. Tuseme hujui wastani wa urefu wa watu wote, ukapima watu 200 tu: jibu unaloandika hupewa herufi ileile ya wastani halisi, lakini yenye kialama kama kipaa (^) juu yake, ili msomaji ajue kwamba hayo ni makadirio. Ukihamia kwenye vekta, yaani kiasi chenye ukubwa na mwelekeo, kofia hiyohiyo humaanisha vekta yenye urefu wa 1. Niliwahi kuzichanganya katika mtihani, na alama zikaenda.

Mjomba Idi: Basi hiyo ya takwimu ni ya heshima au ya kinga?

Kaka Salim: Si hiyo wala hiyo, Mjomba. Ni tahadhari.

Shangazi Rehema: Jiografia pia wanayo kofia ya barafu, inayofunika eneo lisilozidi kilomita za mraba 50,000. Zuhura, ile ya chupa ifute. Kwa Kiswahili chupa ina kifuniko au kizibo, na hiyo kofia umeichukua kwa Waingereza.

Zuhura: Nimeifuta, Shangazi. Je, kofia 100 za Mjomba nazo nizifute?

Mjomba Idi: Ziache, mwanangu, ila ueleze kwamba Waingereza ndio wanaohesabu hivyo. Sisi tunasema mechi.