Naomba ushauri: dripu au sindano ya mifupa kwa mgonjwa wa mayeloma

Habari wakuu. Mama mkubwa, yuko Kirumba hapa Mwanza, ana mayeloma, ile saratani ya uboho, na pingili za mgongo zimeanza kuliwa. Daktari ametaja dawa mbili za kulinda mifupa: asidi ya zoledroniki, dripu ya miligramu 4 kila wiki 3 hadi 4, au denosumabu, sindano ya chini ya ngozi, miligramu 120 kila wiki 4. Figo zake zimechoka, na dawa ya dripu hutoka mwilini kupitia figo, hivyo naegemea denosumabu. Ila bei jamani! Halafu ukiikatisha, mgongo unaweza kuvunjika upya, na ukiwa unaitumia, kalsiamu ya damu hushuka zaidi kwa wenye figo mbovu. Waliouguza, mlimudu vipi? Na kwa kuwa dawa hizi zote mbili zinaweza kudhuru mfupa wa taya, jino lake bovu ling'olewe kabla hajaanza?