Chumba cha kupanga Lushoto kwa bei nafuu

Mgeni_Usambara: Wadau, habarini. Nahamia Lushoto kikazi mwezi wa kumi. Natafuta chumba na sebule, choo ndani, kodi isizidi 80,000 kwa mwezi. Dalali niliyempata kwa simu anataka nitume ya miezi sita kabla sijaona nyumba. Na nyumba za mlimani zinakaguliwaje?

Mgosi wa Soni: Usitume hata mia. Kwa 80,000, miezi sita ni 480,000, na udalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo andaa 560,000, lakini zitoke ukishashika ufunguo. Panda mwezi wa tisa, maana wanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama wakishaanza kuingia vyumba vya mjini vinagombaniwa. Mjini ukikosa, angalia Soni, barabara ya Mombo. Ni chini kidogo, baridi yake si kali, na magari ya kupanda mjini yanapita hapohapo. Magamba mandhari ni nzuri ila Julai utalala na blanketi mbili.

Fundi Mkweli: Kagua ukuta wa nyuma kwanza. Viwanja vingi vimechongwa kwenye mteremko, na udongo ukiegemea ukuta, maji ya masika yanapenya ndani. Weka kiganja chini kabisa, karibu na sakafu. Rangi iliyovimba au unga mweupe wa chumvi ni unyevu wa kudumu. Kabati na godoro vitaota ukungu. Zunguka nyuma: kati ya ukuta na kingo pawe na nafasi ya kama mita moja na mtaro wa saruji unaotiririsha maji pembeni. Ukuta ukiwa umepakwa rangi mpya upande huo tu, uliza kwa nini. Kisha tazama juu. Bati lisilo na dari usiku wa baridi linatoa jasho, matone yanakudondokea kitandani.

Mama Irente: Naongezea umeme, ndugu yangu, hapo ndipo wapangaji wanapogombana. Mita ya matumizi madogo ina bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ya familia nne zenye mita moja inapita hapo mapema, na wote mnalipa bei ya juu. Tafuta yenye LUKU yako peke yako, au angalau mita ndogo kila chumba. Kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, ingawa ni deni la mwenye nyumba. Kubalianeni aipunguze kwenye kodi yako na iandikwe kwenye mkataba.

Maji mengi ni ya mserereko. Mvua ikizidi yanakuja na tope au yanakatika, hivyo uliza kama kuna tenki. Na nyumba ikiwa ya urithi, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji umuulize nani ana haki ya kupokea kodi. Ndugu wawili wakikudai kila mmoja, risiti ya mmoja haitakusaidia.