Udongo umemkaukia Neema kichwani

Neema: Shikamooni nyote. Shangazi upo hewani?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Nipo, kuna nini?

Neema: Nimepaka udongo wa bentonaiti kichwani saa nne, nikajilaza kidogo, usingizi ukanichukua. Naamka saa sita umekauka wote. Nikishika nywele zinalia kama majani makavu, vumbi linanidondokea mabegani. Nimepitisha chanuo mara moja tu, limetoka na kishungi kizima.

Shangazi: Weka hilo chanuo chini.

Shangazi: Usichane, usifikiche, usibandue kwa kucha. Jaza beseni maji ya uvuguvugu, inamisha kichwa, kizamishe. Acha udongo unywe maji mpaka urudi kuwa tope. Dakika 10 au 15. Ukishalainika utaondoka wenyewe ukiwa unamwagia maji juu yake, mkono wako kazi yake ni kuyaongoza maji tu.

Neema: Nilikuwa nataka kuingia bafuni.

Shangazi: Beseni ni bora. Maji yake usiyamwage kwenye sinki wala tundu la bafuni, udongo ukituama kwenye kona ya bomba utalia na fundi. Yamwage nje.

Neema: Sawa. Naenda.

Baraka: Shikamoo Shangazi. Naomba radhi, mimi ndiye niliyemwambia akae nao mpaka ukauke. Kwenye video walisema ukikauka ndipo unakuwa umevuta sumu zote.

Shangazi: Marahaba Baraka. Umefanya vizuri kusema, maana wateja wengi wananijia na maneno hayohayo.

Shangazi: Sikiliza. Ukiuangalia udongo huu kwa karibu kabisa, kwa mashine, ni vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Kurasa hizo zina chaji hasi. Maji yakiingia katikati zinaachana, ndiyo sababu bentonaiti inavimba ukiilowesha. Mafuta ya kichwa, jasho na mabaki ya jeli vinanata kwenye hizo kurasa, halafu ukisuuza vinaondoka pamoja na udongo. Hapo ndipo kazi yake inapoishia, na yote inafanyika ukiwa MBICHI.

Shangazi: Ukianza kukauka unasinyaa. Unaposinyaa umeshaushika unywele pande zote, kwa hiyo unauvuta, na unyevu wa unywele unaondoka pia. Nywele za kipilipili zina kona nyingi, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Nina mteja alikuja kwangu nywele za mbele zote zimebaki urefu wa ukucha. Hakuwa ameweka dawa yoyote ya kulainisha. Ni udongo uliokauka, akauchana ukiwa mkavu, wiki tatu mfululizo. Nilimshika kichwa nikasikia uchungu mwenyewe.

Baraka: Na sumu je?

Shangazi: Sumu ya mwili inashughulikiwa na ini na figo. Kichwani kuna mafuta, jasho, vumbi, ngozi iliyokufa na vitu tulivyopaka wenyewe. Udongo unaosha hivyo, na kuosha vizuri ni jambo kubwa la kutosha, hauhitaji kusifiwa kwa kazi isiyo yake.

Zai: Shikamoo Shangazi. Nipo na Bibi, nimemsomea. Anasema niandike hivi: "Kwani sabuni ya nywele imekosa nini mpaka mtoto ajipake tope?"

Shangazi: Marahaba Zai. Mwambie Bibi shikamoo Mama, na swali lake ni la haki. Sabuni haijakosa kitu kwa walio wengi. Ila wapo ambao shampuu zenye povu kali zinawawasha, wengine zinawaacha wakavu mpaka ngozi inapasuka. Wapo pia wenye kichwa cha mafuta mengi, siku mbili tu nywele zimelala. Hao ndio ninaowaosha kwa udongo na wanafurahi. Mwenye nywele kavu mno, au aliyetia rangi karibuni, huwa simshauri. Rangi inaweza kupauka.

Zai: Bibi anasema "marahaba, nimeelewa". Anauliza pia kama udongo wowote unafaa.

Shangazi: Hapana, na hapo ndipo watu wanapokosea sana. Wa kuchimba shambani usiweke kichwani, hujui una nini ndani. Iliyozoeleka ni aina tatu. Bentonaiti ndiyo yenye nguvu, asili yake ni majivu ya volkano yaliyogeuka udongo, na jina ilipewa mwaka 1898 kutokana na miamba ya Benton huko Marekani. Kaolini ni mweupe, mpole, hauvimbi, unafaa ngozi inayowashwa upesi. Jina lake limetokana na kilima cha Gaoling, China. Halafu kuna gasuli.

Shangazi: Gasuli ndio ninaoupenda. Unachimbwa Moroko, bonde la Moulouya, karibu na milima ya Atlas. Jina lenyewe ni la Kiarabu, mzizi wake ni kuosha, mzizi uleule wa ghusli. Una magnesi nyingi, na ukilowa unateleza vidoleni kama bamia. Mafundo yanaachia bila kuvutana. Kama Neema angeniuliza mapema ningemwambia aanze na huo.

Baraka: Kwa hiyo gasuli inafanya kazi ya kondishena?

Shangazi: Ndivyo wanavyosema wauzaji, mimi sikubali. Unateleza ukiwa mbichi, basi mtu anadhani nywele zimelainika. Ukishasuuza mtelezo nao umekwenda. Kondishena inafanya kazi kwa sababu ina chaji chanya na unywele una chaji hasi, inaushika na kubaki pale hata baada ya maji. Kwa hiyo udongo kwanza, suuza kabisa, ndipo kondishena. Na usivichanganye kwenye bakuli moja. Udongo nao una chaji hasi, utaidaka kondishena kabla haijafika kwenye nywele, utakuwa umepoteza vyote viwili.

Baraka: Hili sikuwahi kulisikia popote.

Baraka: Na sisi wenye dredi?

Shangazi: Wewe usipake uji mzito kabisa. Ukiingia ndani ya dredi hautoki, unakaukia humo unakuwa kama kokoto. Koroga kijiko kimoja kwenye maji mengi, yawe kama maziwa, mwagia kwenye ngozi ya kichwa tu, kanda kwa ncha za vidole, suuza muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji.

Mama Zuhura: Habari zenu wapendwa. Wifi, nimesoma yote. Mimi nilikuwa nimeshaloweka udongo hapa nimpake Zuhura, maana ana mba uliokaa sehemu moja. Nimejaribu mafuta, siki, wapi. Ngoja niwatumie picha.

Mama Zuhura: [Picha]

Shangazi: Wifi, usimpake. Hiyo duara nywele zimekatikia chini kabisa, naona vidoti vyeusi. Mba haukati nywele hivyo. Baba Mdogo wa watoto yuko wapi? @Baba Mdogo

Baba Mdogo: Nipo, nilikuwa na wagonjwa. Shemeji, picha peke yake haitoshi kusema kwa uhakika, lakini inafanana sana na mapunye. Ana umri gani sasa, 6?

Mama Zuhura: Ametimiza 6. Inamwasha, usiku anajikuna.

Baba Mdogo: Basi kesho mpeleke kituo cha afya. Mapunye ni fangasi, na anaingia mpaka ndani ya unywele, chini kwenye shina. Kitu cha kupaka juu hakimfikii huko, iwe udongo, siki au hata krimu ya fangasi. Mtoto hupewa dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, dozi kwa uzito wake, na hutumiwa wiki kadhaa. Usikatishe dawa nywele zikianza kuota, malizeni dozi.

Mama Zuhura: Jamani. Mwezi mzima nadhani ni uchafu, nimekuwa nikimsugua kwa nguvu kila Jumamosi na yeye analia.

Baba Mdogo: Usijilaumu shemeji, wengi wanadhani hivyo. Acha kusugua tu. Kitana chake, kofia na taulo visitumiwe na mwingine, na mwangalie kaka yake pia kichwani, hasa nyuma. Pakianza kuvimba na kutoa usaha usingoje, nenda siku hiyohiyo.

Mama Zuhura: Sawa shemeji. Asante sana. Kaka yake namwangalia sasa hivi.

Baba Mdogo: Na hata akipona, huo udongo usiwe wa watoto. Baadhi ya udongo una madini ya risasi. Mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu kuhusu bentonaiti iliyokuwa ikiuzwa huko, ilipimwa ikakutwa na risasi nyingi. Mtoto vidole viko mdomoni muda wote. Akiimeza, risasi inaharibu ubongo, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Shangazi: Hili nalo wakubwa walishike. Udongo huu ni wa nje. Siku hizi naona watu wanaukoroga kwenye glasi wanakunywa eti kusafisha tumbo. Msifanye hivyo.

Baba Mdogo: Na vumbi lake msilivute. Mwagia unga kwenye maji polepole, usimimine maji juu ya unga ukatimka. Fungua dirisha, funga pua kwa kitambaa.

Mama Zuhura: Kaka yake hana kitu. Huu niliokwisha kuloweka nitautumia mimi Jumamosi.

Shangazi: Mwaga wifi. Ukikaa siku mbili ukiwa mbichi vijidudu vinaota humo. Loweka wa kutumia siku hiyohiyo. Na usihangaike kutafuta kijiko cha mbao, najua watauliza. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu kwa dakika zile chache hakidhuru kitu.

Neema: Nimerudi. Beseni la kwanza lilikuwa kahawia kama mto wakati wa masika. La pili hivyohivyo. La tatu nimeanza kuona chini yake. Nywele zimelainika ila zinakwaruza nikipitisha vidole, kama zina mchanga.

Shangazi: Mchanga unaweza kuwa umebaki kidogo, ongeza beseni la nne. Lakini mkwaruzo huo kwa kiasi kikubwa ni magamba ya unywele yamesimama. Bentonaiti ina pH ya 8 mpaka 10 hivi, yaani kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi. Ngozi ya kichwa iko kwenye 5.5, na unywele wenyewe uko chini zaidi. Sasa unahitaji asidi kidogo ili yalale.

Neema: Siki ya tufaha ninayo.

Shangazi: Kijiko kimoja cha mezani, vikombe viwili vya maji. Usizidishe, na isiingie machoni. Mwagia, hesabu mpaka 60, suuza kwa maji ya baridi kidogo. Kama kuna mahali ngozi imechubuka, acha siki kabisa, itakuwasha. Nenda moja kwa moja kwenye kondishena.

Neema: Haijachubuka. Shangazi nimeokota nywele zote zilizotoka, nimeziweka kwenye taulo jeupe. Ni nyingi. Naogopa.

Shangazi: Zitazame vizuri. Iliyotoka na mzizi ina kitone cheupe mwishoni. Hizo ndizo zinazoanguka zenyewe, 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida, na kama hukuchana siku kadhaa zote hutoka kwa mara moja. Zisizo na kitone, fupi, ndizo zilizokatika.

Neema: Ngoja.

Neema: Nyingi zina kitone. Zilizokatika ni kama 20, karibu zote fupi, za mbele, pale nilipopitisha chanuo.

Shangazi: Alhamdulillahi. Hizo zitaota, mzizi haukuguswa. Hapo mbele pumzishe mwezi mmoja, usisuke misuko ya kuvuta, usifunge kilemba cha kubana.

Neema: Na udongo ndiyo basi tena?

Shangazi: Siyo basi. Mwezi ukiisha, ukitaka, tumia gasuli, mara moja kwa wiki mbili au tatu, si kila wiki. Uji mwepesi kama mtindi. Gawa nywele mafungu manne, paka fungu moja, likanda, nyunyizia maji lisikauke, nenda la pili. Ukimaliza la nne, rudi la kwanza uanze kusuuza. Dakika 10 zikizidi umekaa sana. Ukiona rangi imeanza kupauka mahali, hapo panakauka, lowesha haraka.

Baraka: Nimeihifadhi hii. Video nitaifuta kwenye kikundi cha chuo, nilikuwa nimewatumia wengi. Nitawaandikia kwamba usikauke.

Shangazi: Waandikie leo, Baraka. Kuna mwenzao huenda amelala nao kichwani saa hizi.

Zai: Bibi anauliza Zuhura atapelekwa na nani kesho, yeye yuko tayari kumsindikiza.

Mama Zuhura: Mwambie asante Mama, tutampitia saa moja asubuhi.

Neema: Beseni la nne limetoka jeupe kabisa. Siki nimemaliza, magamba yamelala, vidole vinapita. Nimejaza kondishena kichwa kizima. Nichane sasa?

Shangazi: Chana, kondishena ikiwa bado kichwani. Shika fungu kwa mkono mmoja karibu na ngozi ili lisivutike, anza kwenye ncha, panda juu kidogokidogo.

Neema: Ncha ya kwanza imepita. Hakuna iliyokatika.

Shangazi: Endelea hivyohivyo, polepole. Kesho zikikauka nitumie picha ya pale mbele.