MREJESHO: Chumba changu cha muziki Mtwara, mwangwi umeisha, besi bado

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kuhusu chumba cha kusikilizia muziki huku Shangani, Mtwara, ukuta tofali za saruji, chini tailizi, ukipiga kofi sauti inazunguka na besi inavuma hadi muimbaji wa dansi humsikii vizuri. Basi nimefanya mlivyonielekeza, dogo akapitisha kioo ukutani mimi nimekaa kwenye kiti changu, kila nilipoiona spika ndani ya kioo (ndipo sauti inapodunda ukutani kuja kwangu) ndo hapohapo nikaning'iniza fremu ya mbao nimeijaza sufi, unene sentimita 10 hivi, juu nikafunika kitenge. Aisee tofauti ni kubwa mno! Gitaa la solo na la rizimu sasa kila moja linakaa mahali pake, hata pumzi ya muimbaji naisikia. Zulia na mapazia mazito nayo yamesaidia ila ni kwa sauti za juu tu, besi hayaigusi. Bado inavimba kwenye 43 Hz (mitetemo 43 kwa sekunde), chumba kina urefu wa mita 4 kwahiyo lazima wimbi la sauti lijirudie hapo, nilipotoa kiti ukutani nikakisogeza mbele ikapungua kiasi. Kona za chumba, ambako besi hurundikana, bado tupu, je makumbi ya nazi yaliyokauka yanafaa kujazia, maana huku yapo ya kumwaga?