Nimeacha kahawa sababu ya sainasi, mbona kichwa ndo kimezidi?

Mtu wa Chuda
Wakuu habari za jioni. Nina sainasi ya muda mrefu, pua inaziba hasa usiku na makohozi yanashukia kooni. Sasa jirani akaniambia kahawa inakausha pua ndo maana kamasi inaganda, basi nikaacha kabisa, kijiwe na kashata zake nimeviaga. Kesho yake mchana kichwa kikaanza kugonga hapa juu ya macho, nikajua tayari sainasi imepanda, nikameza Panadol Extra kikatulia. Jana tena hivyohivyo. Kahawa inahusiana nini na pua jamani, au naonewa tu? Ah halafu kuna dawa ya matone ya pua natumia kila usiku, bila hiyo silali.

Bi Shuu
Pole mdogo wangu. Mi nilipoacha kunywa kahawa usiku nikapata nafuu, ila nadhani ni usingizi ndo ulirudi.

muuza_dawa
Mkuu hiyo ni arosto ya kahawa wala sio sainasi. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa kichwa kinaanza kwenye saa 12 mpaka 24 hivi, waulize wanywa kahawa siku za mwanzo za Ramadhani ikifika alasiri. Na Panadol Extra inakutuliza kwa sababu kila kidonge kina parasetamo miligramu 500 na kafeini miligramu 65, yaani kahawa umeihamishia kwenye vidonge 😂. Ishu ya kukausha, kafeini inaongeza mkojo kidogo tu, mtu aliyezoea vikombe viwili vitatu haimsumbui kihivyo. Kama unataka kuacha punguza taratibu.
Mi kinachonitisha ni hayo matone. Yale ya kuzibua pua, zailometazolini na wenzake, ukipitisha wiki pua inazoea, nguvu ya dawa ikiisha inaziba kuliko mwanzo, unadondoshea tena, ndo hivyo huchomoki. Hebu soma kichupa.

Mama Fetty
Na chumbani unachoma nini? Maana watu tunafukiza udi magharibi, usiku dawa ya mbu inafuka chini ya kitanda, juu pangaboi lina vumbi limeganda kwenye mapanga na linakupulizia usoni mpaka asubuhi, halafu lawama kwa kahawa 🙄. Safisha pua kwa maji ya chumvi, ila maji yachemke kwanza yapoe, ya bomba usitie puani.

Mtu wa Chuda
Nimesoma, ni hiyohiyo zailometazolini 😩 na udi upo kila siku, wife ndo mwenyewe. Matone nayaachaje sasa?

muuza_dawa
Wengine wanaanza na tundu moja, hilo likishafunguka lenyewe wanaacha na la pili. Ila muone daktari wa pua, kuna dawa ya kupuliza ya steroidi anaweza kukupa ikushikilie kipindi hicho. Na siku ukiona homa kali au jicho linavimba usije kuuliza humu, nenda hospitali moja kwa moja. La udi malizana na shemeji mwenyewe, mi simo 😂