Land Cruiser FJ45 (2F) inabugia mafuta baada ya ovahoo, tuanzie wapi?

pikapu_ya_shamba
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua Land Cruiser za zamani.

Gari ni FJ45 pikapu ya 1979, injini 2F ya petroli, gia nne, iko Arusha. Imefanyiwa ovahoo: silinda zimechongwa, pistoni na ringi oversaizi 0.50, beringi mpya, vali zimesagwa, gasketi zote mpya. Kabureta ni ileile ya Aisin, imesafishwa tu. Tangu itoke gereji imetembea kama km 1,200.

Kabla ya hapo ilikuwa inatoa km 5 kwa lita kwenye lami bila mzigo. Sasa ni km 3.5. Haitoi moshi wa bluu, oili haipungui, ila ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) inanuka petroli na plagi zikifunguliwa ni nyeusi, kavu, zimejaa masizi. Mambo mawili yamebadilika: thermostati imeondolewa, na matairi ni ya inchi 33 badala ya 7.50-16. Gari hii ni ya kazi na ninataka idumu, naombeni mnielekeze.

fundi_kabureta
Mkuu, thermostati irudi leo, kabla hujagusa kitu kingine. Wengi wanaitoa kwa kuamini nchi yetu ni ya joto, lakini injini ndiyo inayotakiwa kuwa na joto, si hewa ya nje. Weka ya nyuzi 82. Maji yakibaki nyuzi 55 au 60, petroli haigeuki mvuke vizuri, inaingia silinda ikiwa matone. Sehemu haiungui, inatoka na moshi. Na sehemu inaosha oili kwenye kuta za silinda, hapo ndipo ringi mpya zinapoharibika kabla hazijakaa. Nunua, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka, ndipo uifunge.

Choki nayo uiangalie kwa macho, usiamini kitufe cha kwenye dashibodi. Fungua chujio la hewa, sukuma choki mpaka mwisho, kisha tazama kile kibao juu ya kabureta: kinatakiwa kusimama wima kabisa. Waya ukifungwa vibaya wakati wa kurudisha kabureta, kinabaki kimelala kidogo, na hapo mafuta yanakwenda siku nzima.

Nyuzi_Saba
Naongezea kwenye kipimo. Matairi ya inchi 33 yana kipenyo cha kama sm 84, ya zamani ni kama sm 80. Mita ya kilomita inasoma pungufu kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo 3.5 yako kwa kweli ni kama 3.7. Tatizo bado lipo, ila lisikuchanganye. Jaza tangi pampu ileile mpaka inapokata yenyewe mara ya kwanza, tembea zaidi ya km 200, jaza tena vilevile, na umbali upime kwa GPS ya simu.

Sasa taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Kwenye 2F distribyuta hutolewa wakati wa ovahoo, na mafundi wengi huirudisha kwa kusikiliza sauti. Usikubali. Anza na platineti (kontakti za ndani ya distribyuta), dwell, yaani pembe ambayo zinakaa zimefungwa, iwe nyuzi 41, maana ukigusa platineti taimingi nayo inahama. Kisha chomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa distribyuta uuzibe, weka sailensi mizunguko 650 kwa dakika, mulika kwa taa ya taimingi kwenye kidirisha cha nyumba ya klachi. Utaona kigololi kidogo cha chuma kwenye flaiwili. Hicho ndicho nyuzi 7 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), kikae mkabala na kishale. Ukirudisha mpira, vuta hewa kwa mdomo uone kama bamba la ndani ya distribyuta linasogea. Diaframu ikiwa imepasuka, unakosa advansi (kuwahishwa kwa cheche) unapotembea taratibu barabarani, na humo ndimo mafuta mengi hupotelea.

pikapu_ya_shamba
Asanteni sana. Choki inafunguka yote. Taimingi imeonekana imechelewa, kishale kiko karibu kabisa na mstari wa TDC badala ya kigololi. Geji ya vakyumu kwenye manifoldi inasoma inchi 10, imetulia. Je, hiyo ni ringi?

Dada Gasketi
Kaka, usiikimbilie ringi. Pwani 2F nzima inasoma 17 au 18, na kila mita 300 za kupanda unapoteza kama inchi moja. Arusha tegemea 13 mpaka 14. Kumi iliyotulia ni dalili ya taimingi iliyochelewa au hewa inayoingia kwenye manifoldi, na kwako inawezekana ni yote mawili.

2F ina manifoldi mbili, ya kuingiza hewa na ya ekzosi, zinazokaa upande mmoja na kutumia gasketi moja. Zikitenganishwa wakati wa ovahoo, zinatakiwa kufungwa pamoja na kusagwa uso kwa pamoja. Kila moja ikisagwa peke yake hazilingani, gasketi haibani. Hewa ikiingia, sailensi inatetemeka, na fundi anafungua skrubu ya mikscha (mchanganyiko wa hewa na petroli) ili itulie. Ndiyo maana inanuka petroli.

Pima hivi: injini ikiwa sailensi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya gasketi, mlango mmoja mmoja. Mlio ukibadilika, umepata. Usitumie petroli, ekzosi iko hapohapo chini na gari litawaka moto. Unapofunga upya, boliti za katikati zinazounganisha manifoldi hizo mbili ziache legelege, kaza kwanza zile za kwenye silinda hedi, halafu ndipo umalizie za katikati.

fundi_kabureta
Dada amegusa penyewe. Na hiyo vakyumu ndogo ina madhara mengine: ndani ya Aisin kuna pistoni ya pawa inayoshikiliwa juu na vakyumu. Ikidhoofika, au pistoni ikikwama kwa uchafu, inashuka na kufungua vali ya pawa, gari linapewa mafuta ya kupandia mlima hata kwenye tambarare. Iangalie, na usawa wa petroli uwe katikati ya kile kioo cha kabureta gari likiwa mahali tambarare.

Tapeti (nafasi za vali) zipime upya injini ikiwa ya moto: mm 0.20 kuingiza, mm 0.35 ekzosi. Taimingi irudie. Mikscha iwe ya mwisho: tafuta sailensi ya juu kabisa kwa skrubu ya mikscha, iweke 690 kwa skrubu ya sailensi, kisha kaza ya mikscha taratibu mpaka ishuke 650. Plagi mpya, gepu mm 0.8, tembea km 200, zifungue. Zikiwa na rangi ya kahawia, acha kila kitu kilivyo. Ukipata km 5 na hayo matairi, hiyo ndiyo 2F iliyo sawa.